Silaha Iliyokosa Kiwanda

Inatangazwa kwa wakaaji wote wa mji wa Bunia na wa jimbo zima la Ituri kwamba silaha ya hali ya juu, iliyoundwa na dola za kigeni na kupenyezwa katika ardhi yetu kwa njia ya kompyuta, imegunduliwa, imefuatiliwa hadi mafichoni, na imeharibiwa kabisa mbele ya mashahidi na vyombo vya habari. Hakuna tena mashine yoyote, ya raia wala ya Serikali, inayobeba silaha hiyo. Wakaaji wanaombwa kuendelea na shughuli zao kwa utulivu.

Hivyo ndivyo lilivyosema tangazo la Tume ya Muda ya Usalama wa Mitambo, likiwa na mihuri miwili, mmoja wa bluu na mmoja ambao wino wake ulikuwa umekwisha. Lilisomwa redioni kwa Kifaransa, kwa Lingala na kwa Kiswahili. Watu wakaendelea na shughuli zao kwa utulivu, hasa kwa kuwa wengi walikuwa hawajaziacha.

Mafichoni panapotajwa ni kibanda cha Mama Gertrude Kavira, mtaa wa Lumumba: ukuta wa mbao, bati juu, benchi moja ndani, na nje kibao kilichoandikwa kwa mkono kwamba hapa wanapiga chapa, wanatoa fotokopi na picha. Ukitaka kumjua Gertrude, anza na marehemu mume wake, kwa sababu yeye mwenyewe ndivyo anavyoanza.

Walitoka Butembo, wote wawili, enzi zile Wanande, watu wa huko, walipokuwa wanashuka Bunia kutafuta biashara. Wengine walileta maharagwe, wengine sabuni, wengine mabati. Claude alileta kamera. Baadaye akapata pikipiki, na baada ya pikipiki akapata kitu ambacho kilimfaa kuliko vyote viwili: veste moja ya rangi ya kahawia, koti la suti kutoka kwenye mitumba, lililoshonwa kwa ajili ya Mzungu mnene ambaye hatutamjua.

Mwanamume wa kijijini anayetaka picha ya kadi hapendi kuonekana ametoka shambani, hata kama jembe bado analo mkononi. Claude alikuwa akimvika veste, akamfunga tai, akamsimamisha mbele ya shuka jeupe, kisha akamwambia asicheke. Alizunguka hivyo miaka na miaka, njia ya Bambu, njia ya Mongbwalu, akarudi kupitia Irumu, vumbi jekundu mpaka kwenye kope. Matokeo yake ni kwamba ukipanga leo picha za wanaume wa Djugu wa wakati ule, walimu, makatekista, wachimba dhahabu, wezi wa ng'ombe waliojulikana na wasiojulikana, wote wamevaa veste ileile, na kwa wote kifungo cha mkono wa kushoto hakipo. Historia ya watu wale imeandikwa mara nyingi, na kwa hasira. Habari ya kwamba walivaa koti moja haijaandikwa popote.

Tena palikuwa na desturi. Mtu akimaliza nyumba, siku bati linapopanda juu, alikuwa anamwita Claude. Hakupigwa picha ndani, kwa kuwa ndani hapakuwa na kitu bado. Alisimama mbele ya mlango na mke wake, mlango umefungwa kwa kufuli jipya, na mke ndiye aliyeinua ufunguo juu, ili ndugu waliokaa mbali waone kwamba huyu sasa ana kitu cha kufunga. Gertrude alizijua picha hizo kabla ya kuwajua watu wake. Claude alirudi Jumamosi, akamimina kila kitu ndani ya kompyuta, akakoga, akalala. Naye Gertrude alikaa na mkasi na karatasi, akikata nyuso za watu wanne wanne. Wakati mwingine alimwamsha.

"Claude, huyu mama wa Mongbwalu juu ya nini analia?"

"Halii. Niliambia asicheke, akajikaza sana."

Kisha vita ikaja, na njia zikaanza kufungwa moja moja, kama maduka jioni. Kwanza ile ya juu ya Bambu, halafu nyingine, halafu pikipiki ikabaki inazunguka mjini tu, ambako kila mtu alikuwa na simu yenye kamera. Claude alikufa kwa moyo mwaka wa Ebola, wakati ambapo Bunia haikumruhusu mtu kufa kwa ugonjwa mwingine mpaka majibu ya maabara yatoke. Walikuja watu wa riposte, kikosi cha kupambana na Ebola, wamevaa plastiki nyeupe, wakamwaga klorini mpaka kwenye viatu vya wafiwa. Majibu yalitoka baada ya mazishi. Yalisema ni moyo.

Gertrude akabaki na kibanda, na veste kwenye msumari, na kompyuta: mnara wa rangi ya meno ya mvuta tumbako, feni yake inalia kama mbuzi aliyesahauliwa kwenye kamba. Lakini ndani yake mlikuwa mna kila kitu. Claude alikuwa mtu wa mpango. Kila kijiji kilikuwa na mfuko wake ndani ya mashine, jina na mwaka. Nyumba zilipochomwa, picha za ukutani ziliungua pamoja na ukuta. Ndipo watu walioishi kwenye kambi za wakimbizi kandokando ya mji walipoanza kuja, wamefunga vitambaa vyao vizuri kama watu waendao misa.

"Mama Gertrude, wanasema weye uko na papa yangu."

"Papa yako ni nani?"

"Alikuwaka mwalimu, kule nyuma ya chapelle."

Gertrude akatafuta. Mara nyingi alimpata, ndani ya veste. Kibanda kile kilikuwa mahali pekee Bunia ambapo vijiji vile bado vilisimama, tena kwa mpangilio wa alfabeti. Alijaribu kunakili picha hizo zisikae mahali pamoja. Sidii zikaota ukungu, na simu aliyojaza picha ikaibwa sokoni na mtu ambaye bila shaka alishangaa sana. Basi zikabaki pale pale, ndani ya ile diski moja, na Gertrude akawa kila asubuhi anapowasha mashine anafanya ishara ya msalaba kabla feni haijaanza kulia.

*

Mwaka jana mteja mmoja alitaka diploma yake itumwe nje haraka. Gertrude akaomba intaneti kwa simu ya jirani, akaitia kwenye mashine, akatuma, akaitoa. Mambo hayo yalichukua muda wa kunywa chai. Baada ya wiki chache mbele ya kibanda ilisimama jeep ya Tume.

Aliyeshuka mbele ni Directeur Lucien, mwenye suti, mkuu wa Tume hiyo ya Muda, ambayo ilikuwa ya muda tangu zamani. Aliyeshuka nyuma ni kijana wa Kinshasa aliyebeba begi mgongoni, ingénieur Destin, ambaye Kiswahili chake alikuwa amejifunza hotelini.

"Ni weye mwenye hii mashine?" akauliza Directeur.

"Ni miye, Directeur. Munataka fotokopi?"

"Tunatafuta silaha."

Gertrude akaitazama imprimante yake ya kupigia chapa, akawatazama. "Silaha haina. Iko ya rangi na ya nyeusi-nyeupe."

Destin akakaa mbele ya mashine siku ile, na siku iliyofuata, na nyingine. Alikuwa mpole, na alikuwa anaijua kazi yake. Hakuwa na kosa ila la kuongea na kompyuta kwa Lingala. Directeur alipita asubuhi kuuliza kama adui ameshaonekana. Siku ya tatu Destin alivuta benchi.

"Mama, pardon. Mu mashine yako iko mududu."

"Panya ilishakulaka waya, mwanangu. Tuliitia sumu."

"Hapana ya namna hiyo. Ni virusi ya kompyuta. Lakini ile ya batu bakubwa, ya Serikali na Serikali. Hatujui ni nani alitengeneza; beko bengi benye kukana. Haikukuya juu yako. Ilifanyiwa kiwanda, mbali sana. Inaingia polepole, inatafuta mashine yenye kuzungusha vyuma. Ikiipata, inaizungusha mubaya mpaka inapasuka. Na wakati ule inaambia mulinzi: lala tu, kila kitu iko bien."

"Na hapa ilipata nini?"

"Hapa haikupata kiwanda."

"Siye pia hatujakipataka," akasema Gertrude. "Sasa inafanya nini?"

"Inangoja."

Jambo hili lingefaa kuwekwa mahali pa heshima. Ituri imeahidiwa kiwanda na kila aliyewahi kupanda jukwaa: cha kahawa, cha mbao, cha kusafisha dhahabu, kimoja hata kiliwekewa jiwe la msingi, ambalo lipo. Wenyeji walikwisha kuacha kungoja. Kumbe silaha ya kigeni, iliyogharimu akili za watu wengi, ilikaa Lumumba zaidi ya miaka kumi, ikiamka kila asubuhi pamoja na feni, ikichungulia kama kiwanda kimefika, ikilala tena.

Destin aliweza hata kusema imeingia lini: mwaka 2011, mwezi wa nane, kwa clé. (Clé ni kile kijiti cha kuhamishia mafaili, ambacho kwingine wanakiita flashi, Bunia jina lake ni clé, na hakijawahi kuwa na lingine.) Gertrude akafungua mfuko wa mwezi ule. Alikuwapo Mzungu mmoja wa ramani, wa wale waliopita kupima dhahabu. Alileta ramani yake kwenye clé ili ipigwe chapa, na kwa kuwa kibali chake cha kukaa kilidai picha, Claude alimpiga pia. Alikuwa mwembamba, amechomwa na jua, hacheki. Amevaa veste.

"Huyu ndiye!" Directeur akapiga meza. "Adui mwenyewe!"

"Directeur, huyu hakujua kitu," akasema Destin. "Aliibeba kama mutu anabeba mafua."

"Adui asiyejua ndiye mbaya zaidi," akasema Directeur, akaiomba picha hiyo kwa nakala tatu, za rangi.

Siku ile jioni Gertrude alimuuliza Destin kitu kilichokuwa kinamsumbua. Ndani ya kibanda walikuwamo pia mama wawili wa kambini, wanangoja kwenye benchi.

"Mutoto yangu, nani aliwaambia kama mududu iko kwangu? Hata miye sikujua."

"Yenyewe, Mama. Siku ile ulitia intaneti, ilipiga simu kwao. Ilitaka kuambia wenyewe: niko hapa, nifanye nini? Lakini wenyewe walishaachaka ile nyumba zamani. Banaokaa mu nyumba yao sasa ni bachunguzi. Ni bo banapokea simu, na ni bo baliambia Tume."

Gertrude akafikiri. "Kumbe na yeye ni déplacé, mukimbizi tu."

Destin akacheka sana. Kisha akaona kwamba wale mama wawili hawakucheka. Walikuwa wanaitazama mashine kwa namna ya watu wanaomsalimu mgeni wa kabila lao.

*

Amri ikatoka Jumatano. Diski ya mashine ile itolewe na kuvunjwa kwa nyundo siku ya Ijumaa, mbele ya kamera.

"Directeur, ndani iko picha," Gertrude akasema. "Iko watu. Munipe nafasi ninakili kwanza."

"Nakala ya silaha, Mama, ni silaha." Directeur aliipenda sentensi hiyo, akaisema tena, taratibu zaidi, kwa manufaa ya dereva.

Destin akasema kwa Kifaransa kwamba picha zinaweza kutolewa bila kudhuru, mradi iletwe diski safi na mashine safi kutoka Kinshasa, ndege ya wiki ijayo. Directeur akajibu kwamba watu wa televisheni wanakuja Ijumaa, hawaji wiki ijayo.

Usiku wa siku hiyo Gertrude hakufanya lolote la kusimuliwa. Alfajiri alimwambia dada mmoja wa kanisani kwamba Claude alimfia mara moja, na sasa anataka kumfia na kijiji.

Ikabaki shauri la zile clé zilizowahi kupita kwenye mashine. Destin alishauri zikusanywe na kusafishwa, na hilo lilikuwa shauri la maana. Tume ikaandika tangazo kwa Kifaransa, ikalipeleka kwa Moïse wa redio, ambaye ndiye husoma matangazo kwa Kiswahili. Sasa Moïse ni mtu wa Kiswahili safi. Alijifunza kwa kusikiliza redio za mbali tangu utotoni, na hawezi kuvumilia neno la Kifaransa lichomoze ndani ya sentensi yake kama mguu ndani ya soksi iliyotoboka. Alipoona clé, neno ambalo kwa Kifaransa ni ufunguo, akaandika funguo. Alhamisi, kati ya habari na kwaya, mji mzima ukasikia sauti yake nzito:

"Kila mkaaji mwenye funguo zilizowahi kutumika azipeleke kesho asubuhi kwa Mama Gertrude, mtaa wa Lumumba, zipate kusafishwa virusi."

Mji mwingine ungecheka. Bunia ilikuwa imepita Ebola. Bunia ilikwisha kufundishwa, kwa vipaza sauti na kwa ndoo, kwamba virusi vinakaa kwenye mkono wa rafiki, kwenye kitasa cha mlango, kwenye paji la uso la mama yako aliyekufa. Ufunguo ndio kitu pekee ambacho riposte ilikuwa haijakitaja. Watu hawakuona ajabu. Waliona tu kwamba Serikali imechelewa.

Kule kambini tangazo lilifika na nyongeza. Kama Serikali inakagua funguo, walisema, basi inataka kujua nani ana nyumba. Na kama inataka kujua nani ana nyumba, huenda siku ya kurudi inafikiriwa.

*

Ijumaa asubuhi jeep ya Tume haikuweza kufika kwenye kibanda. Watu walikuwa wamejaa njia. Walikuja na funguo za makufuli, za pikipiki, za masanduku. Katekista mmoja alileta wa sakristia ndani ya bahasha. Na kwa kuwa walikuwa watu wenye uzoefu, walikuja na ndoo yao wenyewe ya klorini. Directeur akapenya kwa viwiko, kamera nyuma yake.

"Ni nini hii? Tulisema clé! Clé ya ordinateur, ya kompyuta!"

Mbele kabisa alisimama mama mmoja mrefu, jina lake Scholastique, mkulima wa kule juu ya Bambu, ufunguo wake kwenye uzi shingoni.

"Redio ilisema funguo," akasema. Akaunyanyua. "Hii ni nini? Kijiko?"

Watu wakacheka. Directeur akawa mwekundu kiasi anachoweza mtu wa rangi yake.

"Inafungua nini?"

"Nyumba yangu."

"Nyumba iko wapi?"

"Ilichomwa."

"Sasa funguo unabeba ya nini?"

"Ni nyumba njo ilichomwa, Directeur. Funguo haikuchomwa."

Directeur akatazama saa yake. Ni Gertrude aliyenyoosha kichwa mlangoni.

"Mama, munatoka Bambu gani? Ya chini ao ya juu?"

"Ya juu. Kwenye mikaratusi mitatu."

"Ingia."

Destin akampisha kiti. Gertrude akafungua mfuko wa Bambu ya juu, akapita nyuso, akapita misa ya kwanza, akapita ng'ombe mmoja ambaye mwenyewe alitaka naye apigwe. Kisha akaacha mkono. Mlango wa bluu. Bati jipya linang'aa mpaka limekula nusu ya mbingu. Mwanamume ndani ya veste, mikono imezama. Na kando yake Scholastique, kijana, mwembamba, ameinua ufunguo juu kama anamwonyesha mtu aliye upande wa pili wa mlima.

Scholastique akavua uzi shingoni. Akaubandika ufunguo kwenye kioo cha kompyuta, juu ya ufunguo wa ndani ya picha, akaulinganisha kwa makini, kama mtu apimaye viatu vya mtoto.

"Ni yenyewe," akasema. Halafu: "Bwana yangu alikuwa mudogo vile?"

"Hapana, Mama. Ni veste njo ilikuwa kubwa."

"Eee. Alilalamika njia yote."

Akacheka, akaufunika mdomo wake. Mlangoni watu walikuwa wameshaona. "Na siye, Mama Gertrude! Angalia Mongbwalu!" "Miye nilipigwa mwaka wa mafuriko!" "Huyu wangu alivaa kofia, Mama, alikatala kuivua!" Mlolongo ukageuka wenyewe: waliokuja kusafisha funguo sasa walikuja kuona milango.

"Basi!" Directeur akapiga makofi. "Kamera iko tayari. Ingénieur, toa diski."

Destin alikuwa anatazama kioo, ambako alama ya unyevu ya kidole cha Scholastique ilikuwa bado haijakauka. Akasema, "Ndiyo, Directeur. Batu botoke. Hii kazi ni ya hatari." Akafunga mlango kwa ndani.

Gertrude akasimama nje, amegeuzia kibanda mgongo. Aliamua kukariri. Alianza na A, akawapitisha waliokuwa humo, wafungwa wote wa veste ile, babu mwenye jicho moja, mapacha waliokataa kushikana mikono, bibi harusi aliyeomba mchumba wake wa kwanza akatwe kwenye picha. Alipofika B aliona kwamba hataweza. Bambu peke yake ilikuwa na watu wengi kuliko kichwa chake.

Mlango ukafunguka. Destin alibeba diski juu ya kitambaa, kama anayebeba sakramenti. Ikawekwa juu ya tofali. Directeur akavua koti, akashika nyundo, akamwangalia mpiga kamera, akapiga. Kitu kile kilikuwa kimeundwa vizuri. Kilihitaji kupigwa tena na tena, na mara moja nyundo iliteleza ikapasua tofali. Kilipovunjika mwishowe, watu wakapiga makofi, wakidhani ni sehemu ya usafishaji wa funguo. Gertrude hakugeuka. Alisikia kila pigo, na baada ya kila pigo alisikia kijiji.

Jeep ikaondoka na vipande ndani ya mfuko wa sukari. Destin alibaki. Watu walikuwa bado wamesimama na funguo zao, na hakuwa na moyo wa kuwaambia warudi; akavaa glavu, akachukua ufunguo wa kila mmoja, akauchovya kwenye klorini, akaupangusa, akaurudisha kwa mikono miwili. "Imepona, Mama. Imepona, Papa." Scholastique alirudisha wake shingoni, akaunusa, akasema sasa unanuka hospitali, akaenda.

Kibanda kilipobaki kitupu Destin akasema:

"Mama, washa."

"Niwashe nini, mwanangu? Meza?"

"Washa tu."

Gertrude akabonyeza. Mbuzi akalia kwenye kamba yake. Ikaja bluu, ikaja giza, ikaja orodha ya vijiji, kwa alfabeti.

Alikaa chini kwenye sakafu, jambo ambalo mwanamke wa umri wake hafanyi mbele ya mgeni.

"Chini ya meza mulikuwa na kartoni," akasema Destin. "Vitu vya kufa. Kebo, chaja, diski moja ya zamani sana. Hata haizunguki."

"Ni ya Claude. Alikatala kuitupa. Alisemaka siku moja itapona."

"Haikupona, Mama. Leo imekufa mara ya pili, mu televisheni."

Akamweleza masharti. Silaha bado imo, haina meno kwa watu wasio na kiwanda, lakini isipewe njia. Asitie intaneti kamwe. Asipokee clé ya mtu yeyote, hata ya padri. Yeye akifika Kinshasa atatafuta diski safi, na siku itakapofika atamfundisha kwa simu jinsi ya kuhamisha watu wake bila kumhamisha mgeni. Gertrude akachukua kipande cha kartoni akaandika kwa herufi kubwa HAPA HAKUNA KUTIA CLÉ, akakining'iniza juu ya mashine.

Kisha akatoa veste kwenye msumari, akaipiga vumbi, akamvika. Ilimpwaya. Akamsimamisha mbele ya shuka, akampiga picha, na hakumwambia asicheke.

*

Jumatatu alikuja karani wa Tume, na tangazo la ushindi ndani ya clé. Ofisini kwao hapakuwa na courant, yaani umeme, tangu juzi, na Gertrude ana bamba la jua juu ya bati. Gertrude akamwonyesha kartoni kwa kidole.

"Ile ni ya raia, Mama," karani akasema. "Siye tuko Serikali."

Akaichomeka mwenyewe. Alisahihisha koma moja, akahifadhi, akatoa nakala za redio na za gavana, akaitia clé kwenye mfuko wa shati, akasema atalihamishia kwenye mashine za ofisi.

Alasiri courant ilirudi, na mashine za ofisi zikaamka.